Fadlu kaenda Raja, sasa benchi la Simba tumpe nani: Gamondi, Nabi, Pitso au mzawa?

Haya wanasimba wenzangu, hii ni mwisho wa Septemba 2025, kocha wetu Fadlu Davids ndo kashaondoka, kaenda Raja Casablanca kule kule alikokuwa kocha msaidizi kabla hajaja kwetu, na katuacha msimu ndo kwanza unaanza, tumetoka kufungwa Ngao ya Jamii na Yanga 1-0, Gaborone United tumewatoa kwa jasho, na mwezi wa kumi tunakutana na Nsingizini Hotspurs ya Eswatini kutafuta makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kila kijiwe unachopita sa hivi stori ni hiyo tu, nani aje. Na kila mtu ana jina lake mdomoni. Mi nina siku kama nne naumiza kichwa na hili jambo, nimerudia matokeo moja moja, nimebishana na watu mpaka sauti imekauka, sasa nataka niwapange hawa makocha tuwaangalie mmoja baada ya mwingine kabla hatujaanza kudai jina kubwa, jina kubwa.

Kwanza tukubaliane huyo kocha anakuja kutibu nini. Msimu uliopita tumemaliza ligi na pointi 78, Yanga 82. Mechi 30, tumeshinda 25, sare tatu, tumefungwa mbili. Mbili tu! Na zote katufunga mtu mmoja, Yanga, ile ya Oktoba 2024 beki wetu Kijili aliyojifunga na ile ya tarehe 25 Juni 2025 tuliyolala 2-0 wakati tungeshinda tu kombe linakuja Msimbazi. Mikoani kote tulikozunguka hakuna aliyetufunga. Kimataifa tukaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukawatoa Al Masry kwa penati baada ya kupigwa 2-0 kwao, tukawatoa Stellenbosch, tukakwama kwa RS Berkane. Watu waliokuwa wanatuita mwakarobo, yaani kila mwaka tunaishia robo fainali, walinyamaza kimya.

Halafu angalia dabi, yaani Simba na Yanga. Fadlu kacheza na Yanga mara nne, Ngao ya Agosti 2024, ligi Oktoba, ligi Juni, na Ngao ya juzi. Kafungwa zote nne na hatukupata hata goli moja. Dakika 360 za mechi za Kariakoo bila goli. Mi nampenda Fadlu, alichukua timu iliyomaliza ya tatu akaijenga upya na vijana, lakini namba hiyo ndo imetunyima ubingwa, hakuna kingine. Kwahiyo mtu akiniambia tunahitaji kocha wa kuja kujenga timu upya namwambia hapana ndugu yangu, timu ipo, ugonjwa uko sehemu moja na unaitwa Yanga.

Kuna ugonjwa wa pili lakini huu si wa uwanjani. Toka Julai 2018 mpaka leo tumekuwa na makocha wakuu wa kigeni nane: Aussems, Sven, Gomes, Pablo Franco, Zoran, Robertinho, Benchikha, Fadlu. Hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka na nusu. Aussems ndo kakaa sana, miezi kama kumi na sita, mkumbuke huyu alitufikisha robo fainali 2019 kwa kushinda mechi zote tatu za nyumbani za kundi, msimu uliofuata katolewa na UD Songo ya Msumbiji ikawa basi. Zoran hata ubao wa mbinu hakuumaliza, miezi miwili kaenda Misri. Sven ndo aliniuma zaidi, tunawapiga FC Platinum nne uwanjani Kwa Mkapa Januari 2021 tunaingia makundi, kesho yake jamaa kashaaga anaenda FAR Rabat. Yaani sherehe haijaisha. Na sasa Fadlu naye Morocco. Wenzetu wa kaskazini wana hela, wakiona kocha anafanya kazi hapa wanapiga simu, hilo tulijue tunapochagua.

Sasa majina.

Wawili wanaotajwa kuliko wote ni Nasreddine Nabi na Miguel Gamondi, na wote wawili, tuseme ukweli, ni watu waliotutoa machozi wakiwa makocha wa Yanga. Kuna wanasimba ambao ukiwatajia tu mojawapo wanainuka wanaondoka. Nawaelewa. Ila kama tatizo letu ni Yanga, basi watu wanaoijua Yanga kwa ndani ndo hao, na kukataa kuwaangalia kwa sababu ya hasira ni kujinyima wenyewe.

Nabi alikuja Yanga Aprili 2021 akakuta timu haina ubingwa misimu mitatu, sisi ndo tulikuwa tunatamba nchi hii. Akaijenga polepole. Msimu wa 2021/22 wakachukua ligi bila kufungwa hata mechi moja, na msimu uliofuata rekodi yao ya kutopoteza ikafika mechi 49 za ligi, Ihefu ndo waliovunja kule Mbarali 2-1. Akachukua na Kombe la Shirikisho la TFF miaka yote miwili, akawafikisha fainali ya Shirikisho Afrika 2023 wakakosa kombe mbele ya USM Alger kwa goli la ugenini tu. Akaondoka na heshima zake. Akaenda FAR Rabat, akakosa ubingwa wa Morocco kwa pointi moja, na waliomzidi ni Raja ambao kwenye benchi lao alikuwepo nani? Fadlu. Mpira una mambo. Baadae akaenda Kaizer Chiefs, mwaka 2025 akawapa Kombe la Nedbank kwa kuwafunga Orlando Pirates, kombe la kwanza kwa Chiefs baada ya miaka kumi, lakini kwenye ligi wakamaliza wa tisa na kufikia Septemba 2025 mambo yake pale hayakuwa yamekaa sawa.

Gamondi alimpokea Nabi kijiti mwaka 2023. Straika wao Mayele kashauzwa, kiungo wao Fei Toto kashaenda Azam, watu tukasema sasa Yanga imekwisha, na mi nilikuwa wa kwanza kusema. Akawapa ligi kwa pointi 80, sisi na Azam tukabaki na 69 kila mmoja. Akachukua na kombe la FA kwa penati mbele ya Azam kule Zanzibar. Akawaingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza toka 1998, akafika robo fainali, akatoka kwa Mamelodi Sundowns kwa penati bila kuruhusu goli kwenye dakika 180, na lile shuti la Aziz Ki mpaka leo watu wanabishana liliingia au halikuingia. Novemba 2024 akafungwa mechi mbili mfululizo, Azam 1-0 na Tabora United 3-1, akaonyeshwa mlango. Baadae akaenda Singida Black Stars na Septemba 2025 akachukua Kombe la Kagame kwa kuwafunga Al Hilal ya Sudan fainali. Yaani kaingia timu mpya na mapema tu kashapata kombe.

Sasa nikaenda kwenye kipimo nilichokiona ni cha muhimu zaidi, walitufanya nini sisi. Nabi amekutana na Simba mara tisa akiwa Yanga. Kashinda nne, sare tatu, kafungwa mbili, ile fainali ya Kigoma Julai 2021 Lwanga alipofunga kwa kichwa na ile ya Aprili 2023 tuliyowapiga 2-0 Inonga na Kibu. Magoli kafunga sita kafungwa matano. Ni mechi ngumu, za kubana, mbili kati yake ziliisha 0-0 ligi msimu wa 2021/22 watu wakatoka uwanjani wanapiga miayo. Gamondi kakutana nasi mara tano. Ya kwanza Ngao ya Agosti 2023 kule Tanga, 0-0, tukamtoa kwa penati. Baada ya hapo kashinda zote nne. Tano kwa moja, mbili kwa moja, moja bila, moja bila. Kafunga tisa kafungwa mawili.

Unaiona tofauti? Nabi alijua kutuzuia. Gamondi alikuja kutufunga.

Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwepo Kwa Mkapa. Siku hiyo siisemi mara nyingi. Mpaka mapumziko ni 1-1, Musonda kawapa wao mapema, Kibu karudisha, na pale tulipokaa tulikuwa tunaimba, tulikuwa tumetoka kucheza na Al Ahly kwenye ile African Football League sare mbili, tulijiona wakubwa. Kipindi cha pili kikaja kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye dabi. Wachezaji wetu wakaishiwa pumzi huku wale ndo kwanza wanaongeza mwendo, mpira ukipotea katikati ndani ya sekunde tano wako kwenye boksi letu, Maxi Nzengeli anaingia tu, Aziz Ki, Maxi tena, Pacome kwa penati. Jirani yangu mtu mzima kabisa alivua jezi akaiweka mapajani akawa anaiangalia tu. Mi nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka Mbagala, sikutaka kupanda daladala nikutane na mtu. Siku mbili baadae Robertinho akafukuzwa pamoja na kocha wa viungo, na hapo ni kama uongozi ulikuwa unasema kwamba shida ilikuwa miili.

Naeleza hivi kwa sababu ile haikuwa bahati. Timu ya Gamondi ilikuwa fiti, inakaba juu, ikipata mpira haizungushi, inapiga pasi ya mbele, na dakika ya sabini inakuwa na nguvu kuliko dakika ya kumi. Sasa ichukue staili hiyo uiweke kwenye kikosi chetu cha sasa. Mpanzu pembeni anataka mpira wa nafasi. Ahoua msimu uliopita kafunga magoli 16 ya ligi kafunga kuliko wote, na ukimwangalia vizuri ni mtu wa kupiga haraka. Sowah ni straika wa kupambana na mabeki, Mwalimu ana mbio. De Reuck pale nyuma katoka Sundowns, kazoea kucheza mstari uko juu. Kikosi hiki Fadlu alikisuka kwa madirisha mawili makubwa na ukikiangalia kinaomba mtu wa kukipeleka kasi, hakiombi mtu wa kukivunja.

Upande wa Nabi yeye anajenga na anataka muda, na kwenye hili namheshimu sana kwa sababu Yanga hii inayotutesa leo msingi wake kaumwaga yeye. Aucho katikati, Mayele mbele, ile nidhamu ya kushinda 1-0 Mbeya mvua inanyesha, hayo ni ya kwake. Kama tungekuwa tuko kwenye hali ya mwaka 2024, timu imekwisha, wachezaji wamezeeka, tumemaliza wa tatu, basi ningesema Nabi bila kufikiri mara mbili. Ila sa hivi tuna timu iliyokosa kombe kwa pointi nne. Na ukimleta mjenzi kwenye nyumba iliyofika kwenye linta atataka kwanza abomoe ukuta mmoja aone msingi.

Kingine cha Nabi ni wasaidizi. Yeye huja na watu wake, Cedric Kaze alikuwa naye Yanga na kaenda naye mpaka Chiefs, Mrundi anayeijua ligi yetu vizuri tu. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tukumbuke na habari za vyeti, CAF ni wakali kwenye leseni za makocha wakuu kwenye mashindano yake, Gomes hili lilimkuta 2021 tukahangaika nani akae benchi, kwahiyo yeyote tunayemfuata la kwanza kabisa karatasi zake zikaguliwe kabla hata ya kuongelea mshahara. Hili nawaomba viongozi kwa moyo wote.

Gamondi naye si malaika. Kuanguka kwake Yanga kulikuwa kwa ghafla mno, timu ilikuwa imeshinda mechi zote nane za mwanzo wa ligi bila kuruhusu goli halafu Azam wakamfunga na mtu mmoja wa Yanga akiwa katolewa kwa kadi nyekundu, wiki haijaisha Tabora wakampiga tatu. Inaonyesha timu yake ikichoka inachoka yote kwa pamoja. Sisi tuna ligi, tuna Ligi ya Mabingwa, tuna Kombe la FA, na AFCON ya Desemba itachukua watu. Kama benchi halina upana staili hii inaua wachezaji ifikapo Februari. Pia ana mkataba na Singida, wale hawatamwachia bure, na kuchukua kocha wa timu ya ligi hii hii katikati ya msimu kunaleta maneno. Hilo ni kweli na sitaki kulifunika.

Pitso Mosimane, hapa nitapita haraka. Watu wanampenda na mi nampenda, Ligi ya Mabingwa tatu, moja na Sundowns 2016 na mbili na Al Ahly, hakuna wa kumbishia Afrika hii. Tulimfunga Kwa Mkapa Februari 2021 lile bao la Miquissone, na bado mwaka huo kombe kachukua yeye. Lakini jamani mshahara wa Pitso na benchi lake zima ni bajeti ya usajili wa straika wawili. Halafu ligi yetu haijui, viwanja vyetu havijui, atahitaji msimu mzima kujua kwamba Kagera na Dodoma hakuchezwi kama Pretoria. Tulishapata jina kubwa, Benchikha, alikuja Novemba 2023 akiwa na Kombe la Shirikisho na Super Cup ya Afrika mkononi, kocha mzuri kweli, tukawapiga Wydad 2-0 chini yake. Miezi mitano tu kaondoka kwa sababu za kifamilia. Simlaumu, familia ni familia. Nasema tu CV haikai benchi.

Na wale wanaomtaja Florent Ibenge, ndugu zangu, jamaa kaja Azam juzi tu mwezi wa saba. Ni kocha mkubwa, kachukua Shirikisho na Berkane 2022, na ndo alikuwa na AS Vita iliyotupiga tano Kinshasa 2019 kabla Chama hajawamaliza Dar dakika za mwisho. Nani asingemtaka. Ila hayupo sokoni, tusipoteze muda.

Sasa wazawa. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona mjadala huu unachezewa, mtu akitaja mzawa watu wanasonya kabla hajamaliza.

Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, kaanza kuishangilia Simba ikiitwa Sunderland. Juzi nilipomaliza kuongea habari za Gamondi na namba zangu kanisikiliza mpaka mwisho halafu kaniambia, "Mwanangu, fainali ya kwanza ya Afrika tulipelekwa na nani?" Nikajibu, "Kibadeni mzee wangu." Akasema, "Haya. Na Zamalek wa Misri tuliwatoa na nani?" Nikasema Siang'a. Akanyamaza, kaendelea na kahawa yake.

Na ana hoja. Mwaka 1993 Abdallah Kibadeni, mchezaji wetu wenyewe, yule aliyewapiga Yanga matatu peke yake zile sita za 1977, katupeleka fainali ya Kombe la CAF, tukatoka 0-0 Abidjan na Stella tukaja kufungwa 2-0 hapa nyumbani. Imetuchukua miaka 32 kufika tena fainali. Mwaka 2003 James Siang'a, Mkenya, kawatoa Zamalek mabingwa watetezi kule kule Cairo kwa penati, Kaseja golini. Hao hawakutoka Ulaya. Na karibuni Juma Mgunda, Septemba 2022 Zoran kaondoka ghafla, Mgunda kaitwa kutoka Coastal Union, kapewa timu ya watu, kaenda Luanda kawapiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, kaingiza makundi. Akapewa asante gani? Januari kaletewa Robertinho yeye akashushwa kuwa msaidizi. Aprili 2024 Benchikha kaondoka, nani kaitwa? Mgunda tena. Kuzima moto tu kila siku, nyumba ikipoa anaambiwa kaa pembeni. Hili linaniuma kwa kweli, kwa sababu hakuna kocha duniani anayeweza kupimwa kwa wiki sita za dharura.

Hemed Suleiman naye, yule tunayemwita Morocco, kaifikisha Taifa Stars robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi wa nane hapa hapa nyumbani, kaongoza kundi, katolewa na timu ya nchi ya Morocco walioenda kulichukua kombe, 1-0. Matola, kocha wetu msaidizi, kakaa na karibu makocha wote hao niliowataja, anajua kila kona ya Simba, alikuwa nahodha wetu. Hawa wanajua kila kiwanja na kila mwamuzi, na mshahara wao ni sehemu ndogo tu ya mgeni.

Kwa nini basi siwaweki wa kwanza? Kwa sababu moja, na ni sisi. Mashabiki na viongozi. Mzungu akifungwa dabi mara nyingi anapewa miezi, mzawa akipata sare Namungo watu wanafika klabuni. Mimi mwenyewe nimewahi kusikia mtu nyuma yangu jukwaani anamtukana Mgunda dakika ya ishirini, mechi ni 0-0, na tulikuja kushinda. Kumpa mzawa timu sasa hivi, ikiwa na kiu ya miaka minne bila ubingwa, bila kumwandalia ulinzi wa uongozi kwanza, ni kumtupa. Siku uongozi ukitoka mbele ukasema huyu ni wetu kwa miaka miwili hata tukimaliza wa pili, siku hiyo mi nasimama na mzawa na nitamwambia yule mzee nimekubali.

Tukirudi kwa wale wawili, niseme hivi. Ukiona Simba inahitaji misimu miwili ya kujengwa, na uko tayari kuvumilia msimu huu wa tano bila ubingwa ili ujao uje wa kutisha, mtu wako ni Nabi, na nitakuunga mkono ukisema hivyo kwa sababu historia yake ya Yanga ndo ilikuwa hivyo hivyo, msimu wa kwanza alikuta timu akamaliza wa pili nyuma yetu, wa pili akaua. Ukiona kama ninavyoona mimi, kwamba tuko pointi nne na dabi moja kutoka kwenye ubingwa, na kwamba wachezaji walishajua kushinda ila wakiona jezi ya kijani na njano miguu inakuwa mizito, basi ni Gamondi. Hakuna kocha aliye hai aliyeifunga Simba vizuri kama yule, na huyo huyo anajua Pacome anapenda kupokea mpira wapi, Maxi anakimbilia kona ipi, Diarra anatoka golini vipi. Anajua na kichwa cha mchezaji wa Yanga siku moja kabla ya dabi. Hiyo elimu Pitso hana, Nabi anayo lakini ya kikosi cha zamani, wengi kwenye kile kikosi cha Mayele walishatawanyika.

Na la umri na safari pia naliangalia. Gamondi kashazunguka Afrika yote, Kusini kakaa, Algeria kakaa, Morocco anaijua. Kaskazini si ndoto kwake kama ilivyokuwa kwa Sven au Fadlu ambao kwao ilikuwa ngazi ya kupandia. Baada ya kufukuzwa Yanga angeweza kwenda popote, karudi Tanzania, tena Singida. Mtu wa hivyo nina imani atakaa.

Najua litakalofuata, watu watasema hatuwezi kumshangilia aliyetupiga tano. Mi nilitembea kwa miguu mpaka Mbagala siku ile na nasema naweza. Tshabalala katoka kwetu nahodha mzima kaenda kwao dirisha hili la usajili, wenzetu wanampigia makofi wala hawajamuuliza kitu. Akija Gamondi akanipa dabi moja tu, goli moja tu baada ya hizo dakika 360, nitaimba jina lake mpaka Taifa isikie.

Kwahiyo mi ningefanya hivi. Simu ya kwanza iende Singida, leo, kabla hatujaingia mechi za Oktoba, na tuwalipe wanachotaka maana ni nafuu kuliko kulipa fidia ya kocha wa tisa. Wakigoma kabisa simu ya pili ni kwa Nabi na Kaze wake, leseni zikiwa zimeshakaguliwa, na huyo apewe miaka miwili iliyoandikwa. Matola abaki benchi kwa yeyote atakayekuja, tena kama msaidizi wa kwanza mwenye sauti. Na mkataba wowote utakaosainiwa safari hii kipengele cha kuuvunja kiwe kizito kweli kweli, Rabat na Casablanca wakipiga tena simu wakute bei ya kununua winga wawili na beki wa kushoto.